Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania: waya upimwe shaba yake, si nchi ulikotoka

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Sisi ni mafundi umeme wa majumbani. Tunakuandikia kuhusu waya wa 2.5 (yaani wenye shaba ya milimita za mraba 2.5), ule wa soketi na hita ya maji, na kuhusu swali ambalo mteja huliuliza kabla ya mengine yote: "Ni wa wapi?" Akiambiwa wa Uingereza, analipa. Akiambiwa wa Mchina, anakunja uso. Akiambiwa umetengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, anauliza kama hakuna mwingine. Wanaoghushi wanamjua vizuri mteja huyu, maana jina la nchi ni wino tu juu ya plastiki.

Kiwanda hufuata oda. Mwagizaji akitaka shaba tupu iliyotimia, atapewa. Akitaka kitu cha kufanana nayo kwa bei ya chini, mashine za nchi ile ile zitamtengenezea.

Waya wa 2.5 wenye nyuzi 7 kwa kawaida una uzi wa kipenyo cha milimita 0.67. Kuna rola zenye nyuzi 7 zile zile, lakini kila uzi ni 0.50. Kwa macho huwezi kuona tofauti, hasa plastiki ikiwa imenenepeshwa kufidia. Ukipiga hesabu, hiyo si 2.5 tena, haifiki hata 1.5. Halafu kuna uzi wa alumini uliovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Ukwangue kwa kisu: shaba halisi inabaki nyekundu hadi ndani, huu unatoa weupe.

Makosa hayo mawili yakikutana kwenye waya mmoja, ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, unakaribia mara tatu ya ule unaotakiwa. Hita ya kuogea ya wati 4,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 20. Kwa mkondo huo, kila mita ya waya mzuri hutoa joto la wati 3 hivi. Mbovu hutoa zaidi ya 8, tena ukiwa ndani ya bomba lililofukiwa ukutani, wakati plastiki yake imekusudiwa nyuzi joto 70. Watu hutuuliza kwa nini breka haikukata. Breka ya ampea 20 inapima mkondo unaopita, na mkondo haujazidi. Haijui waya uliofungwa ni wa namna gani.

Ubovu huanzia kwenye skrubu ya soketi. Alumini ikibanwa hutambaa polepole, kiungo kinalegea, uso wake unafanya kutu isiyopitisha umeme, na kwa hewa ya chumvi ya pwani hayo huja upesi. Soketi inageuka kahawia tundu moja kwanza. Mwenye nyumba anabadilisha soketi, na waya unabaki.

Mizani ya dukani inatosha kuwaumbua wengi. Mita 100 za waya wa 2.5 zina shaba ya kilo 2.2 hivi, kabla ya kuhesabu plastiki. Rola nzima ya urefu huo ikiwa chini ya hapo pamoja na plastiki yake, shaba haijatimia. Kipimo cha uhakika ni ukinzani: mita 100 zisizidi ohm 0.741 kwenye nyuzi joto 20, au kama 0.77 kwa joto la 30. Mita ya kawaida ya fundi haifai kwa kazi hii, kwa sababu nyaya zake zenyewe zina ukinzani unaokaribia huo. Panahitajika kipimo cha nyaya nne, na hicho si cha kila fundi. Ndiyo maana tunakuja kwako.

Tunaomba kila rola ilazimishwe kuandikwa jina la kiwanda, namba ya toleo, aina ya metali, urefu na uzito wa shaba. Ukaguzi wa bidhaa kabla ya kusafirishwa upo tangu 2012. Tunaomba rola zichukuliwe pia rafuni, Kariakoo na mikoani, zipimwe ukinzani, na namba za matoleo yaliyofeli zitangazwe wazi, ziwe za nje au za viwanda vyetu. Fundi akiwa na namba mkononi, anajua waya upi aurudishe dukani kabla haujaingia ukutani.

Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria iliyobana bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka, na za Ujerumani ndizo zilizolengwa hasa, zikionekana hafifu. Baada ya muda alama ile ile ikawa sifa. Nchi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kazi ya viwanda vyake. Waya wa Dar es Salaam uliotimiza 0.741 unastahili kununuliwa kwa heshima hiyo, na mnunuzi ataweza kuutambua pale tu vipimo vyenu vitakapomfikia dukani.

Ni sisi, mafundi umeme wa majumbani