Hataki kumwaga choo cha kempa, ati mimi nimezoea

Shangazi, shikamoo. Nakuamkia hivyo ingawa nina miaka 61 na huenda ni mimi niliyekuzidi umri. Mwenye shida hachagui.

Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, tunaishi Leicester, Uingereza, tangu 2001. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazee kwa miaka 22, naye alifanya kazi ya ghala. Sasa tumestaafu, watoto wamejitegemea. Maradhi yake ni gofu. Udogoni alikuwa kedi kwenye kiwanja kile cha Mombasa kinachotazama bahari, upande wa feri ya Likoni, akibeba mifuko ya mabwana. Aliapa kwamba iko siku atabeba wake mwenyewe. Kwa hilo simlaumu hata chembe.

Juni iliyopita tukakodi kempa, yale magari yenye kitanda, jiko na choo humo humo, tukaenda kaskazini mwa Uskoti siku kumi na mbili. Tulianzia Inverness tukafuata pwani: Fortrose, Tain, Dornoch, Golspie, Brora, Reay, hadi Durness. Leseni zetu ni za baada ya 1997, haturuhusiwi gari linalozidi kilo 3,500 na kila kilichomo ndani yake, basi akaleta mizani ya bafuni mpaka mlangoni. Mchele wangu wa kilo kumi ukashushwa. Kinu changu kidogo cha thomu kikashushwa. Mifuko miwili ya fimbo za gofu ikapanda bila kupimwa.

Nikisema safari ilikuwa mbaya nitakuwa mwongo. Fortrose kiwanja kimeingia baharini kama ulimi, na kule ncha ya Chanonry tuliwaona pomboo wakiruka karibu kabisa na ufuo. Dornoch ada yake ingelipa kodi ya nyumba Kisauni miezi kadhaa, ila niliona mume wangu anatembea pale kama mtu aliye Makka. Aliposoma kwamba gofu ilichezwa mji ule tangu 1616, akanigeukia: "Mama Salma, 1616 Mreno bado yuko Ngome ya Yesu!" Nilicheka sana. Na mimi mwenyewe, niliyekwenda kusukuma kitoroli tu, kufika Golspie nilikuwa napiga mpira unakwenda. Jua la kule Juni halitaki kulala: saa tatu na nusu usiku watu wangali uwanjani, Magharibi tunaiswali karibu saa nne na nusu.

Tatizo ni choo.

Choo cha kempa kina kaseti chini yake, kasha la plastiki lenye kishikio, kama sanduku la safari. Likijaa, taa nyekundu inawaka. Unafungua kilango cha nje, unalivuta, unalikokota hadi mahali pa kumwagia. Hapo kuna kitufe cha kupitishia hewa. Usipokibonyeza huku unamimina, linagugumia na kukurushia. Kisha unasuuza na kutia ile dawa ya buluu. Mara ya kwanza nilifanya mimi, nikajua kesho ni zamu yake. Kesho akasema mgongo. Kesho kutwa akasema ile ni najisi, itamharibia udhu na nguo za kuswalia. Kama kwamba mimi siswali!

Nikanyamaza. Tukafika Brora. Shangazi, Brora tuliwakuta kondoo na ng'ombe wanalisha uwanjani wenyewe, na kila kishimo kilikuwa kimezungushiwa waya wa umeme ili wasikanyage nyasi zake. Mpira wake ulitua katikati ya kinyesi kibichi cha ng'ombe. Aliinama, akautoa kwa vidole viwili, akaufuta na taulo lake, akaendelea. Sisi ni Mashafii; kwetu kinyesi cha ng'ombe nacho ni najisi. Siku hiyo udhu haukutajwa.

Durness ndiko nilikoumia. Kile kiwanja kina mashimo tisa, unayazunguka mara mbili, na la mwisho unaupiga mpira juu ya bahari hadi ng'ambo. Aliuvusha. Alirudi garini ana furaha ya mtoto wa Idi, akatandika kitambaa mezani akaanza kufuta fimbo zake moja moja. Taa nyekundu ikawaka. Nikamwomba kwa upole. Hata hakuinua uso: "Mama Salma, wewe si umezoea haya mambo? Miaka yote ile hospitali."

Miaka yote ile hospitali! Bedpani, vile vyombo vya choo cha kitandani, za wazee wa watu nilizibeba ili Salma na nduguze wasome, na usiku nikirudi nilikuwa nanusa mikono yangu kabla sijakanda unga. Nililibeba kasha lile asubuhi nimevaa buibui, nikapanga foleni. Walikuwa wanaume watano, kila mmoja na kaseti yake, wawili bado na suruali za kulalia na viatu vya mpira. Mwanamke mimi peke yangu. Mzee mmoja alinipisha mbele, na huruma yake ndiyo iliyonichoma zaidi.

Hatukugombana. Ndani ya kempa utagombana uende wapi? Ukikasirika ukampa mgongo, umeangalia jiko. Tuliporudi nyumbani nikadhani yamekwisha. Wiki iliyopita ameniambia, amejaa tabasamu, kwamba ameshalipa arubuni ya kempa Juni ijayo, wiki nne. Na mimi ameninunulia fimbo zangu, saizi ya wanawake.

Dada yangu wa Kisauni anasema nisiende, mwache akajue. Lakini nataka kwenda, Shangazi. Nataka kuuvusha na mimi mpira ule wa Durness. Salma anataka amseme babake. Sipendi, mtoto hafai kuingizwa kwenye choo cha wazazi wake. Mwenyewe nimefikiria kulifunga lile choo kwa utepe, kila mtu atumie vyoo vya kambi, ila yeye ana kisukari na usiku huamka mara tatu.

Kazi yenyewe siiogopi. Nikiambiwa zamu kwa zamu, sawa. Ninalotaka ni alifute lile neno "umezoea", na sijui nimwambieje asilichukue kwamba namdharau yeye aliyekuwa kedi. Nimwambie kabla ya malipo ya mwisho ya mwezi wa tatu, au ningoje taa iwake?

Mama Salma,
Leicester