Barua kwa mwanangu anayetaka kuacha kazi acheze poka

Kibaigwa, Dodoma

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, nikampa na mama yako. Yeye aliishia pale uliposema unataka kuacha kazi, akanirudishia simu, akaenda zake jikoni. Mimi nimefika mwisho.

Kwanza, sikuweki kundi moja na vijana wa mikeka ya kubeti mpira hapa stendi. Mkeka ukishalipiwa, kilichobaki ni dua. Kwenye poka unapewa karata mbili, tano nyingine zinafunuliwa mezani, na kila hatua una ruhusa ya kuzitupa karata zako na kuokoa hela uliyobakiza. Wanaoishi kwa mchezo huo hutupa nyingi kuliko wanazocheza. Hapo ndipo ninapopata shaka, maana wewe babu yako akikufunga kwenye mchezo wa bao ulikuwa hubanduki mpaka asinzie.

Nimeambiwa hata ukishika ree mbili, mwenzako ana wafalme wawili, na hela yote iko katikati kabla ya karata za mezani, unashinda kama mara 82 katika 100. Zile 18 zipo, na zinaweza kufuatana. Mtu anaweza kucheza vizuri miezi kadhaa huku anapoteza. Sisi wa mahindi tunalijua hilo: unanunua wakati wa mavuno, bei inakaa chini kuliko ulivyotegemea, na kitakachokuvusha ni mtaji ambao hukuugusa kwa ada wala kwa kodi ya nyumba. Aliyekula mtaji utamkuta sokoni akipakia magunia ya wenzake.

Umenitajia Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Marekani aliyeingia kwa dola 86 kwenye intaneti na mwaka 2003 akabeba dola milioni 2.5 kwenye mashindano ya dunia ya poka kule Las Vegas. Ni kweli. Washiriki walikuwa 839. Habari za wale wengine 838 hukuniandikia. Wala hukumtaja Stu Ungar, aliyetwaa taji hilohilo mwaka 1980, 1981 na 1997. Mara ya mwisho alilipiwa kiingilio na mwenzake, wakagawana dola milioni moja nusu kwa nusu. Mwaka uliofuata alikutwa amekufa kwenye chumba cha moteli, hana kitu cha maana. Dawa za kulevya zilimmaliza, nakubali, lakini mtu huyo aliwashinda karibu wote aliokaa nao mezani, na hela haikukaa.

Sasa niambie jambo moja ambalo hukuligusa kabisa: hiyo hela inatoka kwa nani? Meza haizalishi kitu. Mwenye ukumbi anakata chake kila mchezo, kwa hiyo mkikaa wazuri watupu mnazungusha hela ileile inayopungua. Lazima awepo asiyejua. Hapo Dodoma ni nani? Kama ni mtumishi aliyepokea mshahara jana, na ndiye huyohuyo kila mwisho wa mwezi, mimi siwezi kuiita hiyo kazi hata kama bodi ya michezo ya kubahatisha imewapa leseni wenye ukumbi. Pengine mimi ni wa kizamani. Nijibu hivyohivyo.

Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, niletee daftari. Kila ulipokaa mezani: saa ulizokaa, ulizoingia nazo, ulizotoka nazo, na siku mbaya ziwemo. Toa nauli na chakula, ugawe kwa saa, ulinganishe na mshahara wako ukiongeza mchango wa mwajiri NSSF na bima inayomtibu mwanao. Kama huna daftari, basi hujaanza kazi hiyo, unacheza tu.

Hela ya alizeti uliyoniomba ikusaidie kuanzia haipo. Nimemlipia mdogo wako ada, na iliyobaki ni ya mbegu.

Baba yako