Wakala anataka tutie chumvi ajali ya kijana wetu. Tufanyeje?

Mshauri, pokea salamu zetu kutoka Nairobi.

Sisi ni makocha wawili wa klabu ya baiskeli. Tuna kijana wa miaka 29, ameshinda mbio za kitaifa mara mbili, na sasa anataka kutundika baiskeli awe mhamasishaji. Shule na makanisa yameanza kumwita. Juzi kapata wakala mwenye wateja wakubwa, anayemwahidi Sh60,000 kwa hotuba ya dakika 40. Ni zaidi ya zawadi zote alizoshinda mwaka jana, na kijana ndiye anayemlipia mdogo wake karo.

Sharti la wakala ni kwamba hotuba ianze na ajali. Kweli kijana alianguka mteremkoni akavunjika mtulinga, akakaa wiki sita bila kugusa baiskeli. Wakala anataka mtulinga ugeuke shingo, na wiki sita ziwe mwaka mzima kitandani.

Shingo hiyo tunajua imetoka wapi. Ni ya Anna Meares wa Australia, bingwa wa baiskeli za velodromu (uwanja wa kuzunguka wa mbio za baiskeli), aliyeanguka Los Angeles Januari 2008 akavunjika pingili ya pili ya shingo. Miezi saba baadaye alipata fedha Olimpiki ya Beijing, na London 2012 akachukua dhahabu ya mbio fupi mbele ya Victoria Pendleton, Mwingereza aliyemshinda Beijing. Ni historia yake, ameilipia kwa mwili wake. Kijana wetu akiivaa atakuwa ameiba.

Sisi tunamwelekeza kwa Chris Hoy wa Uskoti, kwa sababu kilichombadilisha hakikuwa damu. Athens 2004 alishinda mbio za kilomita moja kwa dakika 1 na sekunde 0.711. Mwaka uliofuata mbio hizo zikaondolewa kwenye Olimpiki. Hebu fikiria, kazi uliyoisomea miaka yote inafutwa kwa uamuzi wa mkutano. Kilomita moja ni mizunguko minne ya velodromu ya mita 250, uko peke yako, adui ni saa. Hoy akahamia keirini, ambako waendeshaji hufuata pikipiki inayoongeza kasi hadi kilomita 50 kwa saa, kisha inajitoa na kila mtu anapigania njia, bega kwa bega. Nguvu za miguu alikuwa nazo. Alilopaswa kujifunza upya ni kuamua: nitoke lini, nijifiche nyuma ya nani, nikizibiwa njia nifanye nini. Beijing 2008 akarudi na dhahabu tatu: keirini, mbio fupi na mbio fupi za timu. Mfanyakazi ambaye kitengo chake kimefungwa ataielewa habari hiyo bila kuoneshwa mfupa uliovunjika.

Kwa hiyo tumemtengenezea hotuba ya namna nyingine. Anapanda jukwaani na rola, ile mitambo ya mapipa matatu ambayo baiskeli huzunguka juu yake bila kushikiliwa na chochote. Fundi amemwandalia baiskeli ya gia moja, haina breki, na pedali zimefungwa na gurudumu kama za velodromu. Pipa la mbele linakaa chini ya ekseli ya gurudumu la mbele au sentimita moja hadi mbili mbele yake. Likirudi nyuma, usukani unaanza kuchezacheza na mtu anaanguka mbele ya wageni. Sakafu za kumbi za hoteli zinateleza, kwa hiyo chini tunatandika mkeka wa mpira. Kipaza sauti ni cha kichwani, maana mikono haina nafasi, na akipandisha mizunguko ya pedali hadi 130 kwa dakika kinazimwa, la sivyo ukumbi unasikia pumzi tu.

Kisha anaambiwa, “Simama!” Hawezi. Akijaribu kukaza miguu ghafla, gurudumu linaisukuma pedali, pedali inamnyanyua. Inabidi apunguze kidogo kidogo huku mkono mmoja ukishika meza. Tulipoijaribu kwenye shule moja, watoto walinyamaza kabisa, na maswali yalichukua nusu saa. Hakuna aliyeuliza kuhusu ajali.

Wakala ameona video ya siku ile akasema ni nzuri, lakini haiwalizi watu.

Hesabu nayo inatusumbua. Wakala anachukua asilimia 30, yaani Sh18,000. Mteja anakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, Sh3,000, ambazo zitahesabiwa kwenye kodi ya kijana ya mwaka, mradi PIN (namba ya mlipakodi) kwenye ankara iwe yake na si ya wakala. Rasimu tuliyopewa ina PIN ya wakala. Zinabaki Sh39,000, na gari la kubeba rola na baiskeli bado. Malipo yanakuja baada ya siku 60, hakuna hata shilingi ya kutangulia. Tumeomba nusu ilipwe kabla, hatujajibiwa.

Kinachotuogopesha zaidi ni kwamba waendesha baiskeli wa Nairobi wanajuana. Waliokuwa naye siku ile ndio waliompeleka hospitali. Na kovu lenyewe liko juu ya mtulinga, refu kama kidole, linachungulia kila akifungua zipu ya jezi. Shingoni hana alama yoyote.

Mshauri, tunawezaje kumkatalia wakala uongo bila kijana kupoteza wateja hao? Je, kuna namna ya kuandika kwenye mkataba kwamba maneno ya hotuba na ya tangazo ni lazima yaidhinishwe na mzungumzaji kwa maandishi? Na kama wakala atashikilia msimamo wake, kijana aendelee kuhutubia shuleni kwa Sh10,000 akikimbiza mbio msimu mmoja zaidi, au awafuate wateja mwenyewe? Sahihi inatakiwa Ijumaa ijayo.

Makocha wawili,
Nairobi