Hadubini ya shule isinunuliwe kwa namba ya kwenye boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wazazi na wajumbe wa bodi za shule hapa Tabora jambo moja kuhusu hadubini, kwa kuwa michango ya vifaa vya maabara inakusanywa na wauzaji wameshaanza kupita na maboksi yaliyoandikwa kwa herufi kubwa "mara 2,500".

Namba hiyo hupatikana kwa hesabu nyepesi. Ukuzaji wa lenzi ya jicho, ile tunayochungulia, huzidishwa kwa ukuzaji wa lenzi ya chini inayoelekea kielelezo, yaani kitu kinachochunguzwa. Lenzi ya jicho ya 10 ikitumika pamoja na lenzi ya chini ya 40, ukuzaji ni mara 400, wala si 50 kama wanavyojibu wanafunzi wanaojumlisha. Muuzaji anayetaka namba ya kutisha hutia ndani ya boksi lenzi ya jicho ya 25, akaizidisha kwa ile ya 100, na 2,500 ikapatikana. Hesabu yake haina kosa; tatizo ni kitakachoonekana.

Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba mwanga wenyewe unaweka mpaka wa udogo wa vitu ambavyo hadubini inaweza kuvitenganisha, hata lenzi ikisuguliwa kwa ustadi gani. Shika lenzi ya 100 usome maandishi madogo yaliyochongwa ubavuni mwake: mara nyingi utakuta 100/1.25. Hiyo 1.25 ndiyo kipimo cha uwezo wa lenzi kukusanya mwanga, na kwa kawaida ukuzaji wenye manufaa hauzidi kipimo hicho mara 1,000, yaani 1,250 kwa lenzi hii. Kuvuka hapo ni sawa na kuitanua picha ya pasipoti hadi iwe bango, kwa maana sura inakuwa kubwa na ukungu nao unakua vilevile. Isitoshe, 1.25 haipatikani bila tone la mafuta maalumu kati ya lenzi na slaidi (kile kioo chembamba kinachobeba kielelezo), jambo ambalo sijasikia muuzaji akilitaja.

Wataalamu wa maabara wanaotafuta vimelea vya malaria kwenye damu, kazi isiyokwisha katika mkoa kama wetu, hutumia lenzi ya jicho ya 10 na lenzi ya mafuta ya 100, basi. Seli nyekundu ya damu ina upana wa takriban maikromita 7 hadi 8, na maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa hiyo ikikuzwa mara 1,000 huonekana kama yenye upana wa milimita 7 au 8. Mwanafunzi anayechunguza ngozi ya kitunguu hahitaji hata nusu ya ukuzaji huo.

Napendekeza basi kwamba bodi inapoandaa orodha ya manunuzi itaje lenzi ya jicho ya 10, lenzi za chini za 4, 10, 40 na 100, na kipimo cha mwanga cha 0.65 kwa lenzi ya 40 na 1.25 kwa ile ya 100. Shule ambazo umeme wake ni wa kubahatisha ziongeze sharti la kioo cha kuakisi mwanga wa mchana. Kabla ya malipo, mwalimu wa Biolojia aitwe, aweke slaidi na achungulie muuzaji akiwa bado yupo.

Mwalimu wa Biolojia,
Tabora