Kocha aliyeingia golini

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa michezo anasema kazi ya kocha ni kukaa benchi. Mimi niliyekuwa kipa miaka tisa, vidole viwili vimepinda hadi leo, naomba nimkumbushe New York Rangers wa 1928, msimu wao wa pili tu katika ligi ya hoki ya barafuni.

Fainali ya Kombe la Stanley na Montreal Maroons ilichezwa yote Montreal, maana Madison Square Garden, uwanja wa nyumbani wa Rangers kule New York, ilikuwa imechukuliwa na sarakasi. (Sarakasi, jamani!) Mechi ya pili, kipa wa Rangers, Lorne Chabot, akapigwa jichoni na kile kisahani kigumu cha mpira, enzi hizo makipa walidaka uso wazi. Kipa wa akiba hakuna. Wakaomba kumwazima Alec Connell, kipa wa timu ya Ottawa aliyekuwa jukwaani, Maroons wakagoma. Basi kocha Lester Patrick, beki wa zamani mwenye miaka 44, akavaa vifaa, akasimama golini. Alifungwa bao moja tu! Frank Boucher wa Rangers akamaliza kazi muda wa nyongeza, 2-1, na kombe likaja kwa ushindi wa mechi tatu kwa mbili.

Mimi nilipofika 44, hata kupiga goti ilikuwa shughuli.

Kipa mstaafu