Mama Happy, hilo plastiki lifungwe kwanza

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Happy,

Bwana asifiwe. Huku tu wazima, goti la Baba Kelvin limetulia, na Mama Mkubwa anakusalimia sana, anasema sufuria lake bado anakudai. Najua nimekaa kimya mno na una haki ya kuninunia, ila ninunie baadaye. Leo naandika mbio mbio kwa sababu Eliza amepita hapa akitoka kanisani, akaniambia gari la pikapu limepatikana na tayari umelivalisha plastiki nyuma, lile gumu la kufunika ndani ya bodi, pale panapobebwa mzigo. Hongera, rafiki yangu! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Ila Eliza akaongeza neno moja lililoniondolea amani. Eti plastiki lenyewe limelazwa tu kwenye bodi, halijashikizwa na chochote, na aliyekuuzia kasema uzito wake unatosha. Mama Happy, hautoshi. Nakuomba uniamini kwa hili.

Juzi nilikuwa narudi kutoka Arusha. Tumeshapita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, tunaitafuta Boma Ng'ombe, pale uwandani ambapo upepo wake unaujua. Mbele yetu kulikuwa na pikapu tupu, inakimbia. Nikaona plastiki lake linainuka upande wa kichwani, karibu na kabini. Likashuka. Likainuka tena, halafu likasimama zima kama jamvi linalokung'utwa, likaruka nje. Liliburuzika kwenye lami likivuka upande wa pili, pale pale ilipotoka kupita bodaboda iliyobeba mama na mtoto mgongoni. Dereva hakusikia chochote, alikwenda zake mpaka tulipomfukuza kwa honi. Nilishuka nikaliangalia lile plastiki. Kingo zake zote nzima, hakuna tundu hata moja, hakuna alama ya bolti. Chini yake vumbi jekundu limeganda kwenye mifereji. Halikuwahi kufungwa tangu liwekwe.

Upepo ukishapita juu ya kabini hujizungusha na kushuka ndani ya bodi. Ukipata mwanya mdogo chini ya plastiki, unalinyanyua, na juu hakuna cha kulikandamiza. Ukiwa umebeba ndizi huoni shida, maana mzigo ndio unaolikalia. Shida ni safari ya gari tupu. Sasa hebu fikiria safari zako: kutoka Usa kwenda Machame kufuata ndizi unapita uwanda huo huo, na gari halina mzigo. Ndiyo maana sijalala vizuri.

Eliza anasema Baba Happy hataki gari litobolewe. Namwelewa kabisa. Bati likitobolewa ovyo, kutu inaanzia hapo hapo kwenye tundu. Lakini mwambie pia kwamba plastiki linalocheza linakula rangi. Vumbi na mchanga vinaingia chini yake, linasuguasugua kama msasa kila gari linapotikisika, mwisho rangi inaisha na maji yakituama hapo chini kutu inaanza bila tundu lolote. Kwa hiyo kulifunga ni kulinda gari lake, si kuliharibu.

Na si lazima kutoboa kila mahali. Kwanza aangalie zile pete za kufungia kamba ndani ya bodi. Mara nyingi zimeshikwa kwa bolti zinazofunguka. Fundi anazifungua, anatoboa plastiki tu mahali zilipo, anarudisha pete juu ya plastiki kwa bolti ndefu kidogo. Hapo bati halijaguswa. Vipo pia vibanio vya kushika ukingo wa juu wa bodi, kama ukingo wenyewe una mdomo wa kubana. Vikitosha, vizuri. Lakini pembe mbili za kichwani, pale karibu na kabini, lazima zishikwe kwa nguvu kuliko kwingine, kwa sababu ndipo upepo unapoanzia kazi yake. Kama hakuna pete wala mdomo hapo, basi bati litobolewe, kwa utaratibu.

Langu alilifunga fundi wa Pasua, hapa Moshi, nikakaa naye mwanzo hadi mwisho. Kwanza alilitoa plastiki, akaosha bodi, likakauka. Palipokwaruzika akapiga msasa, akapaka praima na rangi. Plastiki akaliacha juani mpaka likalainika na kukaa sawa. Akatoboa upande wa juu wa kuta, si sakafuni, maana sakafuni maji yanasimama. Kabla ya kila tundu aliingiza mkono na tochi kwa nyuma aone kuna nini. Hili usiliruke! Kuna nyaya za taa za nyuma, na upande wa kujazia mafuta kuna bomba. Drili haina macho, na skrubu zisiwe ndefu.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalijali: tundu la kwenye plastiki liwe pana kuliko bolti. Plastiki linatanuka kwa jua kuliko bati, na usiku linarudi. Ukilibana kwa tundu dogo na kulikaza mpaka mwisho, linavimba katikati au linapasuka pale pale kwenye bolti. Weka washa pana, kile kiduara cha chini ya kichwa cha bolti, chini yake mpira, kaza mpaka likae, basi. Bati lililotobolewa lipakwe rangi kwenye kingo za tundu, ikauke, ndipo bolti iingie na grisi kidogo. Akikwambia atafunga kwa waya, mkatalie. Waya unakata plastiki taratibu kama unavyokata sabuni. Akitaka kumwaga gundi sakafu nzima, mkatalie pia, maji yatakosa pa kutokea. Na yale matundu ya kutolea maji kwenye pembe za bodi yasizibwe.

Mvua za masika zikiisha, lifungue, lioshe chini, likauke, lirudishe. Utomvu wa ndizi nao unashuka huko, wewe unaujua.

Nisisahau kamba: mzigo ufungwe kwenye pete za gari, kamwe si kwenye plastiki. Kreti zinateleza sana juu yake kuliko kwenye bati. Na kuna la hatari zaidi, limeniganda moyoni. Ukienda kuchukua petroli ya pampu ya bustani, usijaziwe dumu likiwa nyuma ya gari juu ya plastiki. Plastiki halipitishi umeme, kwa hiyo ule umeme unaojikusanya wakati mafuta yanaingia haupati njia ya kwenda ardhini, na cheche moja inatosha kuwasha mvuke. Shusha dumu, liweke chini kwenye sakafu, lijazwe hapo. Hata kijana wa kituo akikuharakisha.

Sasa narudi pale pale. Alhamisi unakwenda Machame, sivyo? Mpaka litakapofungwa, liache nyumbani. Litoeni, liegemezeni ukutani, beba ndizi juu ya bati kama tulivyobeba miaka yote. Mikwaruzo michache ya rangi inapakwa upya. Yule mama wa kwenye bodaboda na mtoto wake, kama wangechelewa sekunde mbili…

Haya niambie. Gari ni singo kabini au dabo kabini? Plastiki lilitoka kwenye gari la aina hiyo hiyo, au muuzaji alikupa lililokuwepo? Nauliza kwa sababu likiwa fupi au pana kuliko bodi, bolti zitakuwa zinapigana nalo kila siku. Ukilisukuma kwa mkono kule kichwani, linacheza kiasi gani? Pete za kamba unaziona ngapi? Usa mna fundi mwenye subira, au nimwombe wa Pasua aje kwako Jumamosi, nauli nitachangia? Happy kafanyaje mtihani? Na mambo ya kiwanja cha Tengeru yamefika wapi, yule bwana bado anawazungusha?

Washa za mpira nimeshanunua, ziko kwenye bahasha pamoja na bolti za pembe. Kelvin anapanda Arusha Jumatatu asubuhi, atakuachia pale dukani kwa Mama Nora. Nipigie ukizipata.

Wako akupendaye,
Mama Kelvin