Mume wangu kila safari analeta midoli ya betri, watoto wanaiacha wanacheza na boksi. Nimwambieje?

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu hamjambo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, asubuhi nauza maandazi na sambusa hapo kwenye kona, mchana niko nyumbani na wanangu. Wa kwanza wa kiume, mwezi ujao anatimiza miaka 5, yupo chekechea. Wa pili wa kike, mwaka mmoja na miezi saba, huyu bado kila anachookota kinaishia mdomoni. Naandika usiku wamelala maana mchana haiwezekani, na samahani barua itakuwa ndefu, nikifupisha mtaniona mke mkorofi asiyejua kushukuru.

Shida yangu ni midoli. Ndio, midoli. Najua kuna mtu hapo anasema wenzio tunalia na ada na kodi we unatuletea habari za midoli, lakini imefika mahali mimi na mume wangu tumekaa siku mbili hatuongei na chanzo ni hiyo hiyo midoli, kwahiyo nivumilieni.

Baba yao ni dereva wa malori, anapeleka mizigo Lubumbashi. Safari ikienda vizuri ni wiki tatu, ikienda vibaya, foleni mpakani Tunduma, foleni mpakani Kasumbalesa kwa kuingia Congo, sijui gari limekata nini porini huko, mwezi unaisha na siku juu. Akirudi anakaa siku nne tano anaondoka tena. Na hajawahi kurudi mikono mitupu, hilo nampa sifa yake. Ameshaleta gari la polisi lenye king'ora, mbwa wa betri anabweka na kupiga sarakasi, simu ya kuchezea inaimba ABC kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango, helikopta ambayo iliruka mara moja tu ikaingia kwenye feni. Vyote boksi zake zimeandikwa vinafundisha mtoto. Vinafundisha nini mi sijui.

Maana nimekaa nikamwangalia mwanangu. Mbwa anawashwa, anabweka, anaruka, anasimama. Kazi ya mtoto ni kubonyeza kitufe. Akishabonyeza anakaa pembeni kama mtu anayeangalia mpira dirishani kwa jirani. Yani mdoli unacheza, mtoto anautazama. Siku ya kwanza kelele nyumba nzima mpaka wapangaji wenzangu wanagonga ukuta, siku ya pili kimya, siku ya tatu mdoli umeshapasuliwa aone ndani kuna nini. Na hapo kwenye kupasua ndo nikaona kwa mara ya kwanza kautolea macho kweli kweli! Magurudumu ya lile gari la polisi saa hizi yamefungwa na waya kwenye kopo la maziwa na linatembea vizuri tu.

Anachokipenda ni boksi, haya maboksi ya maji ya chupa. Anaingia ndani, mfuniko wa sufuria ndo usukani, mdogo wake ndo utingo. "Utingo weka jiwe!" na yule kadada hata kuongea hakajajua vizuri kanakimbia na kandambili kanaiweka nyuma ya boksi. Wakifika Tunduma, ambayo ni mlango wa jikoni, wanasimama foleni, na mimi nikitaka kutoka na beseni langu nasubiri kama wengine. Alafu anatoa makaratasi, kizibo cha soda ndo muhuri, anagonga gazeti la zamani ta ta ta, "haya pita". Hela ya paking analipa kwa vizibo, anahesabu moja mpaka ishirini na nne hakosei, na hakuna mdoli uliomfundisha. Anamuigiza baba yake. Mpaka ile sauti ya kuongea na simu amejiegemeza, "boss mi bado niko foleni", anaitoa vile vile.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Miezi miwili iliyopita baba yao alileta mdoli wa aina ya pia, ya plastiki, unaizungusha inawaka mataa. Nzuri kweli hata mimi nilicheza. Baada ya siku chache naingia ndani nakuta imefunguka, chini kuna vile vibetri vya duara kama vya saa ya mkononi, viwili. Nageuza ile pia naona nafasi ni tatu. Na mtoto mdogo amekaa pale pale, udenda unamtoka, anakohoa.

Jamani. Sikumbuki hata nilivaaje. Bajaji mpaka hospitali, foleni, eksirei saa 5 usiku, na nesi mmoja ananielezea huku miguu inanitetemeka, kwamba kile kibetri kikikwama kooni kikakutana na mate kinapitisha umeme na kinaunguza nyama za koo, hata betri lililokwisha nguvu linaunguza, na masaa 2 yanatosha kuharibu. Akasema ukihisi mtoto amemeza usimtapishe, usikae kungoja kitoke chooni, kimbia upigishe picha. Akaniuliza na huo mdoli mfuniko wa betri ulikuwa na skrubu? Haukuwa nayo, ulikuwa wa kubana tu kwa kidole. Akatikisa kichwa, akasema mdoli wa mtoto mdogo lazima mlango wa betri ufungwe na skrubu, na ukiona kwenye boksi kale kaduara kenye uso wa mtoto na 0-3 kamepigwa mstari usimpe wa chini ya miaka 3 hata akilia vipi. Tena akanifundisha kitu cha bure, chukua kile kiini cha boksi cha toilet pepa, kitu kinachopita mle ndani kinaweza kumkaba mtoto. Nilivyorudi nyumbani nikapitisha nusu ya midoli yetu mle.

Eksirei ilikuwa safi, hamna kitu. Tumerudi saa 8 usiku, sijalala nawaza sasa betri liko wapi, nimenyanyua sofa, nimefagia uvungu wa kitanda. Kesho yake jioni nipo jikoni nakanda unga, lori likafika Tunduma. Kijana akasimama mlangoni akaniambia "leo askari wamekataa vizibo, wanataka hela ya chuma", akaingiza mkono kwenye kopo la maziwa akanikabidhi kile kibetri. Nilikaa chini pale pale, unga mkononi, nikacheka huku nalia, na yeye ananiuliza mama chenji yangu iko wapi.

Nilimpigia baba yao nikamwelezea yote. Badala ya kushtuka akasema "kwahiyo unataka kusema mimi nimetaka kumuua mtoto?" Mtandao ukakata, sijui ulikata kweli au alikata.

Basi nikaamua kutafuta njia yangu. Mwalimu wa chekechea alishawahi kuniambia huyu kijana akili anayo ila vidole havina nguvu, penseli inamchosha haraka, nimtafutie michezo ya kushika, kutunga, kufinyanga, kupanga. Nikaanza na unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kidogo kidogo mpaka ushikane, wanafinyanga. Mama mkwe alikuwepo kwa wiki moja, akaangalia akasema "ngano yote hiyo si mngepika chapati", alafu yeye mwenyewe akakaa mkekani akawafinyangia ng'ombe mwenye nundu. Hakai kimya yule mama lakini mikono anayo. Hata hivyo na yeye anaona kununua midoli ni ushamba wa mjini, sisi tulikua na wanasesere wa magunzi ya mahindi na mpira wa makaratasi na tukakua, na ni kweli, ila sisi tulikuwa na uwanja. Hapa ua ni wa wapangaji sita, na nje ni barabara ya bodaboda.

Alafu nikaenda kwa seremala wa hapa mtaani, ana vipande vya mbao vinabaki anauza kwa mama ntilie wa kuwashia moto. Nikampa elfu 10, akanikatia vipande 48, virefu, nusu ya hivyo, na nusu ya nusu, vyote vimepigwa msasa mpaka unapitisha shavuni. Rangi nimekataa, maana rangi zingine za mafuta zina madini ya risasi na huyu mdogo ndo kwanza anatafuna kila kitu. Anti, hivyo vipande vina wiki tano sasa na havijachosha. Kuna siku kijana amejenga geti la boda, kipande kirefu kimekosekana, akakaa, akachukua viwili vya nusu akaviunganisha, akaniita "mama hizi mbili zimekuwa hii moja". Mimi hesabu shuleni zilinikimbia, nikabaki namwangalia tu.

Sasa baba kafika, kakuta sebule imejaa mbao, midoli yake nimeiweka kwenye ndoo juu ya kabati, maana mingi betri zake hazina skrubu. Akasimama mlangoni na begi begani. "Mimi nahangaika barabarani mwezi mzima, mwanangu anacheza na kuni?"

Na mimi badala ya kunyamaza nikajibu. Nikamwambia kuni angalau hazijatupeleka hospitali.

Najua. Najua nilikosea, msinipige mawe. Hapo ndo zile siku mbili zikaanza. Usiku wa pili nikaamka kunywa maji nikamkuta kakaa chini sebuleni na bisibisi yangu ya jiko la gesi, ameshusha ile ndoo, anajaribu kurudishia magurudumu ya gari la polisi, taratibu asituamshe. Nikamwambia njoo ulale. Akasema bila kuniangalia, "Mimi utotoni sikuwahi kununuliwa hata puto." Basi, hakuongeza. Asubuhi yake alikuwa anaondoka.

Sasa nifanyeje? Maana nimeelewa kwamba ile midoli siyo midoli, ni yeye mwenyewe anajaribu kuwepo, na mimi nikiitupa juu ya kabati ni kama nimemtupa yeye. Lakini vile vibetri sivitaki tena humu ndani, hilo siwezi kurudi nyuma. Wakati huo huo mtoto akicheza lori anacheza baba, kwahiyo baba ameshakuwepo siku nyingi, kwenye boksi la maji, ila hajui, maana mtoto akimuona anaona aibu kuigiza mbele yake. Nilifikiria nimrekodi kwa siri nimtumie. Mwenzangu mmoja ninayeuza naye maandazi akanionya wanaume wengine ukiwatumia kitu kama hicho wanaona unawacheka, kwamba mtoto wake hana hata gari anaendesha boksi. Wenye waume madereva naombeni mniambie, wenu wangelichukuliaje?

Na kingine, wifi yangu yuko Muscat ameahidi kutuma tableti ya watoto kwa ajili ya hiyo birthday. Hiyo nayo nasita. Nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walitoa mwongozo, wa mwaka mmoja skrini haifai kabisa, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, na wangu mdogo hata simu yangu akiiona anajua pa kubonyeza. Kumkatalia wifi ni mtihani mwingine, wifi zetu mnawajua.

Mwisho kabisa, nimekusanya elfu 50 ya hiyo birthday. Nawaza nimnunulie yale mapicha ya kukatwa vipande mtoto anapanga mwenyewe, na shanga kubwa za kutunga zisizopita kwenye kile kiini cha toilet pepa, ili na mdogo wake acheze nikiwa nipo. Au niache vyote nimtafutie baiskeli ya mtumba? Mwalimu anasema vidole, mtoto mwenyewe nikimuuliza anasema anataka turubai. La lori. Kwa ajili ya boksi.

Hilo la turubai limenipa wazo nusu nusu, kwamba nimwambie baba yake hata kipande cha turubai chakavu na kamba yake akileta kitapendwa kuliko mbwa wa sarakasi, lakini naogopa atasikia "kuni" nyingine. Nikiandika haya amenitumia picha, yuko Tunduma siku ya tatu foleni, amesimama mbele ya duka na pikipiki ya mtoto ya kuchaji, nyekundu, ina taa mbele na honi. Ameandika "nimchukulie?" na kopa mbili. Nimeshaifungua, tiki zimeshakuwa bluu, na sijajibu. Nimjibuje?

Mama Wawili,
Tabata, Dar es Salaam